Bwawani safi, ziwani pumzi inakata: utatuzi wa matatizo ya kuogelea kabla ya triathloni ndefu ya kwanza

Anayejiandaa kwa triathloni ya masafa ya 70.3, yaani kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90 na kukimbia 21.1, huja na lalamiko ambalo ukishalisikia mara moja utalisikia kila msimu. Bwawa la mita 25 analivuka mara 76 bila kusimama, lakini akiingia baharini au ziwani, mita mia mbili hazijafika ameshashika mtumbwi. Basi anarudi bwawani kuongeza umbali, na hapo ndipo anapopoteza miezi yake. Matatizo mengi ya maji ya wazi hayatokani na upungufu wa mazoezi. Yanatokana na pumzi, mwelekeo na mavazi, na bwawa halimfundishi mtu hata kimoja kati ya hivyo.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana imetangulia. Mifano mingi ni ya Ziwa Kivu, kwa kuwa mashindano ya masafa haya yalianza kufanyika Rubavu, Rwanda, Agosti 2022 na yamevuta watu wengi wa ukanda wetu. Mingine ni ya pwani, ambako wengi ndiko wanakofanyia mazoezi.

"Dakika za kwanza nashindwa kupumua"

Kifua kinabana, pumzi zinakuwa fupifupi, miwani inaonekana kama inakukaba, na boya la kwanza linazidi kwenda mbali. Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote, na ndiyo inayowatoa watu majini.

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali, ni kwamba hutoi pumzi. Mwenye hofu huibana uso ukiwa majini, kisha akigeuza kichwa anataka kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja. Muda hautoshi. Hewa ya ukaa inajaa, na kinachokufanya uhisi unakosa hewa ni hiyo zaidi kuliko kuisha kwa oksijeni. Ndiyo maana kuvuta kwa nguvu hakusaidii kitu. Jipime hivi: simama kwenye maji ya kifuani, zamisha uso, guna "mmm" kwa pua mpaka pumzi iishe. Mapovu yatoke mfululizo. Yakikatika katikati, umelipata tatizo lako na halikuhitaji kocha. Ogelea wiki mbili ukiguna hivyohivyo kila uso unapoingia majini. Utaonekana kituko, lakini inafanya kazi.

Ya pili ni kuanza kwa kasi. Honi ikilia kila mtu anatimua, nawe unaogelea mita mia za kwanza kama za kumalizia. Jipange pembeni au nyuma. Kwenye mashindano haya kwa kawaida watu huingia majini kwa mafungu madogo kufuatana na muda wanaotarajia kutumia, kwa hiyo simama kwenye muda wako wa kweli na si ule wa kutambia marafiki. Mikono 30 ya kwanza iwe ya polepole kiasi cha kukuudhi.

Ya tatu ni wetisuti, ile nguo ya mpira inayobana. Wengi huiazima au kuikodi na kuivaa kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Nguo ikiwa haijapandishwa vizuri miguuni na kiunoni, inavuta mabega chini na kukandamiza kifua, kisha mtu anadhani ni woga. Ivae kuanzia kifundo cha mguu, uipandishe kidogo kidogo kwa ncha za vidole bila kutumia kucha, hadi kwapani pasiwe na nafasi. Ukishaingia majini vuta shingo ya nguo maji yaingie kidogo, kifua kitalegea. Kanuni za Ironman, waandaaji wa mashindano haya ya 70.3, zinaruhusu wetisuti maji yakiwa hadi nyuzi 24.5. Kati ya hapo na 28.8 unaweza kuivaa ila huhesabiwi kwenye zawadi, na yakizidi 28.8 ni marufuku. Maji ya Kivu huwa karibu na hiyo 24.5, kwa hiyo usitegemee jibu moja. Fanya mazoezi ukiwa nayo na ukiwa huna.

Ya nne ni maji yenyewe na mahali penyewe. Aliyezoea bahari ya Dar au Mombasa atayaona maji ya Kivu ya baridi asubuhi. Ngozi ikishtuliwa na baridi, mwili hujivutia pumzi bila kukuomba ruhusa, na hali hiyo hupoa ndani ya dakika moja hadi tatu. Jimwagie maji usoni na shingoni kabla ya kuanza, ili mshtuko huo uupate ukiwa umesimama. Pia ziwa liko takribani mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Wa Nairobi hatalihisi hilo, ila wa pwani anaweza kuona pumzi inamwishia mapema kidogo. Fika siku kadhaa mapema, na kasi yako ya nyumbani iache nyumbani.

Ya mwisho ni woga wa kina. Chini hakuonekani, na akili inajaza pale inapoona giza. Dawa yake ni kuzoea, na kuzoea hakuna njia ya mkato. Anza kwa kuogelea sambamba na ufuko mahali unapoweza kusimama, wiki inayofuata sogea maji ya kina, halafu nenda hadi boya na kurudi ukiwa na mwenzako. Fanya pia zoezi ambalo wengi wanaliruka, la kujiokoa: katikati ya mazoezi simama kwa makusudi, geukia mgongo, tanua mikono, vuta pumzi 20 za taratibu, kisha endelea. Lirudie hadi liwe jambo la kawaida. Na ujue kwamba kanuni zinakuruhusu kushika kayaki, ule mtumbwi mdogo wa waokoaji, au boya na kupumzika, ilimradi usisogezwe mbele. Hutolewi kwa hilo. Kuna watu waliogombana na maji hadi wakachoka kabisa, kayaki ikiwa mita tano kutoka kwao, kwa sababu walidhani kuigusa ni kosa.

Hizi si woga: simama hapohapo

Utafiti uliokusanya vifo na mioyo kusimama kwenye triathloni za Marekani kati ya 1985 na 2016 ulipata visa 135, na 90 kati yake vilitokea wakati wa kuogelea. Kwa hiyo neno "jikaze" lina mipaka yake.

Toka majini, inua mkono, ita kayaki ukiona lolote kati ya haya: maumivu au uzito kifuani, moyo kudunda ovyo usiotulia hata baada ya kulala chali, kizunguzungu cha kutaka kuzimia, kikohozi kinachozidi kila unavyoendelea, hasa ukitema povu au makohozi yenye rangi ya waridi. Hilo la mwisho ni maji kuingia mapafuni kutoka kwenye damu. Hayo si maji uliyoyameza. Linaweza kumpata mwogeleaji mzuri kabisa, na hatari huongezeka kwa mwenye shinikizo la damu, kwenye maji baridi, kwenye wetisuti inayobana mno na kwa aliyekunywa maji kupita kiasi kabla ya kuanza. Kaa wima, usilale, vua nguo kifuani, nenda kwa daktari siku hiyohiyo hata kama umepata nafuu. Baiskeli isahau. Likikutokea mara moja linaweza kurudi, kwa hiyo usirudi majini kabla daktari hajakupima.

Kama umevuka miaka 40, au una presha, au kwenu kuna mtu aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, pima moyo kabla hujalipia mashindano.

"Nusu ya kwanza nzuri, nusu ya pili mikono imekufa"

Kwanza angalia hesabu ya bwawa lako. Kulivuka mara 76 maana yake umegeuka mara 75. Ukijisukuma na kuteleza mita 2 tu kila ukuta, hizo ni mita 150 ambazo hukuziogelea, na kila ukuta umekupa nukta ya kupumzika. Ziwani hakuna ukuta. Rekebisha bwawani hukohuko: geuka mita moja kabla ya ukuta, bila kuugusa, kwa dakika 20 mfululizo. Siku ya kwanza itakuvunja moyo.

Kisha angalia miguu. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya ziwa kwa asilimia 2 hadi 3 hivi, na yanakuelesha vizuri. Mtu wa pwani akiingia Kivu bila wetisuti anashangaa kiuno kinazama. Sababu ya kawaida ni kichwa kuwa juu: ukitazama mbele, miguu inashuka, unaanza kuburuza maji kwa mapaja. Tazama chini, shingo ilegee. Mwambie mwenzako akupige video kwa simu kutoka ukingoni, kwa ubavu, sekunde 20 zinatosha kuona.

Sababu isiyotokea sana ni bega lenyewe. Uchovu wa misuli ni kawaida. Maumivu ya kuchoma mbele ya bega, yanayokuamsha usiku ukililalia, si uchovu. Acha kuogelea kwa mikono, fanya mazoezi ya miguu na ubao, na kama yapo bado baada ya wiki moja au mbili mwone mtaalamu wa viungo. Kuogelea juu ya bega bovu ndiko kunakomaliza msimu.

"Nimeogelea sana lakini boya halinifikii"

Unakwenda zigizaga. Usilichukulie kama jambo dogo, piga hesabu. Kikomo cha kuogelea kwenye 70.3 kwa kawaida ni saa 1 na dakika 10, maana yake wastani wa dakika 3 na sekunde 41 kwa kila mita 100. Tuseme bwawani unakwenda 3:15. Kilomita 1.9 utaimaliza kwa dakika 61 na sekunde 45, umepona. Ukiongeza asilimia 15 ya umbali kwa kupinda, inakuwa dakika 71. Umetolewa mashindanoni, na mwili ulikuwa unaweza.

Sababu inayotokea sana ni kutokuinua macho mara kwa mara. Watu hupiga mikono 40 kisha wanasimama kabisa kutafuta boya, wanapoteza kasi na miguu inazama. Inua macho kila baada ya mikono 6 hadi 10, yatoke macho tu na pua ibaki majini kama mamba anavyochungulia, halafu geuza kichwa upande uvute pumzi. Kutazama na kupumua ni vitendo viwili tofauti. Anayejaribu kupumua akitazama mbele humeza ziwa.

Inayofuata ni kupumua upande mmoja tu, au mkono kuvuka katikati ya mwili unapoingia majini. Jipime bwawani kukiwa tupu: funga macho, piga mikono 10, uone unagonga kamba ya upande gani. Ukienda kulia kila mara, mkono wako wa kushoto ndio wa kuchunguzwa kwanza. Jifunze kupumua pande zote mbili, hata kama siku yenyewe utatumia mmoja. Wimbi likija kulia, unapumulia kushoto, basi.

Na lipo la tatu, ambalo si kosa la mwili: unatafuta kitu kidogo mno. Boya la machungwa kwenye mawimbi linapotea. Jana yake, simama ufukoni, chagua nyuma ya kila boya kitu kikubwa kisichosogea, mlima, paa la hoteli, mnara, na ukifuate hicho. Kufuata miguu ya aliye mbele kunapunguza kazi na kunaruhusiwa, lakini tazama mwenyewe. Nimeona msururu mzima wa watu ukimfuata bwana mmoja aliyepotea.

"Miwani inaingiza maji, inaweka ukungu"

Maji yakiingia, wengi hukaza ukanda. Ni kinyume: ukikaza sana raba inajikunja na kufungua mwanya. Legeza, hakikisha hakuna unywele wala ukingo wa kofia chini ya raba. Kama bado inavuja, miwani hiyo si ya uso wako, nunua nyingine. Ukungu: usiifute ndani kwa kidole, unaondoa utando uliowekwa kiwandani. Tone la shampuu ya watoto, suuza kidogo, vaa. Mate nayo yanafaa.

Ukishajipaka mafuta shingoni usiguse miwani kwa mikono hiyohiyo. Mafuta ya mgando tuliyozoea, watengenezaji wengi wa wetisuti wanayakataza kwa sababu yanaharibu mpira, kwa hiyo tafuta yale ya michezo. Vaa ukanda wa miwani kwanza, kofia juu yake, hivyo hata ukipigwa teke miwani haiendi mbali.

"Misuli ya mguu inakaza"

Mara nyingi ni shavu la mguu, na mara nyingi ni kwa sababu unapiga miguu kwa nguvu ukiwa umenyoosha vidole kwa kukakamaa. Legeza kifundo na upunguze mateke, kwani miguu unaihitaji kwa baiskeli. Uchovu wa mbio ndefu za jana yake ni sababu ya pili. Baridi na upungufu wa maji mwilini huja baadaye. Ikikubana majini, geukia mgongo, vuta vidole vya mguu kuelekea goti, subiri, pumua. Ikirudi mara mbili, ita kayaki. Mguu mmoja ukivimba na kuuma siku kadhaa hata umepumzika, hasa baada ya safari ndefu ya basi au ndege, hilo ni la hospitali. Inaweza kuwa damu iliyoganda.

"Nikisimama ufukoni dunia inazunguka"

Umelala kifudifudi karibu saa nzima, damu imezoea hivyo, kisha umesimama ghafla. Mita 100 za mwisho ongeza mateke kidogo kuamsha miguu, ogelea hadi mkono uguse mchanga mara mbili, ndipo usimame, na utembee kabla ya kukimbia. Kichefuchefu kinachoambatana nacho kwa kawaida ni maji uliyomeza au kifungua kinywa ulichokula kwa kuchelewa. Ukianguka, au ukikosa kujua uko wapi, usigombane na watu wa huduma ya kwanza.

Matatizo ya mahali pa mazoezi

Mashindano ya Agosti yanakukuta katikati ya kusi, kwa hiyo miezi ya maandalizi bahari yetu imechafuka. Kwa namna moja ni faida, kwani ukishazoea mawimbi ya Julai, Kivu ya asubuhi itakuwa shwari kwako. Lakini soma jedwali la maji. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Dar hupita mita 3, na maji yakitoka hupitia kwenye milango ya mwamba kwa kasi ambayo huwezi kushindana nayo. Ogelea maji yakiwa yanakaribia kujaa au yamejaa. Ukishikwa na mkondo, ogelea kuukata kwa ubavu, usielekee nchi kavu moja kwa moja. Usiende peke yako, funga boya la rangi kali kiunoni, na kama mko wachache mlipe mvuvi mwenye mtumbwi awafuate. Mwambie pia mahali mtakapopita, maana boti za injini haziangalii vichwa.

Ukipigwa na yavuyavu, suuza kwa maji ya bahari na si ya bomba, ondoa nyuzi kwa kibano, kisha loweka kwa maji ya moto unayoweza kuyavumilia. Ukivimba midomo, ukikoroma kupumua au ukitapika, nenda hospitali mara moja.

Rubavu, mazoezi ya kujaribu maji yafanyie pale waandaaji walipoelekeza au wenyeji wanapoogelea. Usijitafutie kijighuba cha peke yako. Mwambao wa kaskazini wa Kivu, hasa kuelekea Goma, una mazuku: hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni. Haionekani, haina harufu, na imeua watu.

"Ngozi inawasha baada ya kuogelea ziwani"

Mistari myekundu shingoni na kwapani ni msuguano wa wetisuti, na kinga yake ni yale mafuta ya michezo. Vipele vinavyowasha ndani ya saa chache, sehemu zilizokuwa majini, vinaweza kuwa vimelea wanaopenya ngozi, na kwa wanaofanya mazoezi Ziwa Victoria, kichocho ni jambo la kulifikiria daima. Jifute kwa taulo mara utokapo, usisubiri ukaushwe na jua, na epuka maji yaliyotulia yenye magugu na konokono.

Kuwashwa kunaweza kuisha na ugonjwa ukabaki. Homa isiyoeleweka wiki kadhaa baadaye, tumbo kuuma, damu kwenye kinyesi au mkojo: nenda ukapime na umwambie daktari, bila kungoja akuulize, kwamba uliogelea ziwani na lini. Vipimo vya mapema sana vinaweza kutoonyesha kitu, kwa hiyo muulize urudi lini kurudia. Dawa yake, praziquantel, ipo na hutolewa kwa kufuata uzito wako. Usiinunue dukani kwa kukisia.